Gharama za kumtunza mzee aliyepooza Tabora mjini: kuna makao ya kulipia?

Mwana_Urambo
Wakuu, habari za mchana. Baba ana miaka 78, alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo. Kiharusi kimempiga upande wa kulia, miezi miwili sasa. Tumemhamishia Isevya, Tabora mjini, kwa kaka. Anakaa akisaidiwa, analishwa, chooni hawezi kwenda peke yake. Watoto tuko wanne, wawili tuko Dar na tunaweza kuchanga kila mwezi. Je, Tabora kuna nyumba ya wazee ambayo ukilipa wanampokea? Kama haipo, hesabu ya nyumbani inakaaje? Na mzee asiye na pensheni anapata nini serikalini?

Jirani_wa_Ipuli
Mkuu, ya kulipia msiitegemee. Makazi ya wazee Ipuli yapo hapo hapo Manispaa, lakini ni ya serikali, sawa na Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Mwanza au Nunge ya Kigamboni. Ni ya mzee asiyejiweza ambaye hana wa kumtunza. Njia ni ofisi ya mtaa, halafu afisa ustawi wa jamii anafika nyumbani na kuuliza majirani. Mzee mwenye watoto wanne wanaochanga hafiki mbali kwenye safari hiyo. Kuna watu hutafuta barua ya kusema mzee hana ndugu. Msijaribu, jirani mmoja tu anatosha kuiharibu.

Kwa hiyo fungeni hesabu ya nyumbani.

Mama_Wodi
Pole kwa kuuguza. Hesabu msianze na nepi, anzeni na usiku.

Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2. Maana yake saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, kuna mtu ameamka. Familia nyingi huajiri binti mmoja na kumwachia mchana na usiku. Wiki ya tatu ama ameondoka, ama analala na mzee hageuzwi, na kidonda kinaanza. Sheria ya ajira inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, kwa hiyo mtu mmoja hatoshi hata kwenye karatasi. Tafuteni wa mchana wa kulipwa, usiku ndugu wapokezane, au muajiri wawili.

Mshahara: amri ya kima cha chini ya 2022 iliweka 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala. Viwango vimepanda baada ya hapo, ofisi ya kazi watawaambia cha sasa. Ila hicho ni cha kufua na kupika. Kunyanyua mtu mzima, kumsafisha na kumlisha ni kazi nyingine, mkilipa kima cha chini mtabadilisha watu kila mwezi. Na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana.

Halafu huyu ni baba. Mke wa kaka asipangiwe kumwogesha baba mkwe, mtaleta fedheha kwa wote wawili, na mzee ataanza kukataa kuoga au kuficha kwamba amejichafua. Tafuteni kijana wa kiume.

Vifaa. Nepi za watu wazima 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya duka lenu. Zinapungua mkimkalisha chooni dakika 15 au 20 baada ya kila mlo, maana tumbo hushtuka baada ya kula. Kiti cha choo hakihitaji kutoka Dar: fundi seremala akate tundu kwenye kiti kizito chenye mikono, kimo kama sm 45, ndoo chini. Chini ya shuka wekeni ule mpira wa kujifungulia, juu yake kitambaa cha pamba, vinginevyo jasho linaozesha ngozi. Glavu za kazi chafu tu, jozi 4 kwa siku, ni kama boksi mbili na nusu za glavu 100 kwa mwezi.

Godoro la hewa ni zuri, ila pampu ni ya umeme. Umeme ukikatika hewa inaweza kushuka na mzee akalala juu ya chaga. Usiondoe godoro la sponji chini yake.

Kidonda msisubiri kukiona. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu mapema; pitisheni mkono kwenye nyonga, mkiani na visigino, mtafute joto au ugumu. Msisugue hapo, wala msiweke spiriti. Ile tairi ya kukalia yenye tundu katikati nayo iacheni, inabana damu kuzunguka tundu.

Dawa_na_Cheti
Naongeza la kulisha, maana ndilo linaloua kimya kimya. Akikohoa akinywa maji, au sauti ikibaki na maji maji, chakula kinaingia njia ya hewa na mwisho wake ni nimonia. Akae wima kabisa, kijiko kidogo, na abaki wima dakika 30 baada ya kula. Uji mzito unapita salama kuliko chai. Kitete, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, waombeni wampime umezaji na muulizie mazoezi ya viungo mapema. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Mpelekeni kwa bajaji. Bodaboda kwa mtu aliyepooza upande mmoja, hapana.

Matibabu bure: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anatibiwa bure vituo vya serikali kwa kitambulisho cha halmashauri. Majina yanaanzia mtaani. Kwa kuwa amehama kutoka Urambo, mtambulisheni kwa mwenyekiti wa Isevya kwanza, kisha mwende ustawi wa jamii na picha na kitambulisho cha NIDA. Muanzie kituo cha karibu mpewe rufaa, msikimbilie hospitali moja kwa moja.

Kinachowakwaza watu: kitambulisho kinafuta gharama, hakijazi rafu. Dawa ikikosekana dirishani mtaandikiwa mkanunue nje. Wekeni fungu la dawa kila mwezi, na mwombeni daktari aandike zile za kawaida, amlodipini badala ya jina la kampuni. Msikatishe dawa ya presha kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu anaimeza.

Mwana_Urambo
Shukrani sana. Je, TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini? Na kuna mtu kaniambia wazee wa miaka 70 wanalipwa pensheni.

Jirani_wa_Ipuli
Hiyo pensheni ni ya Zanzibar, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Bara hakuna ya namna hiyo. TASAF inaangalia kaya, haimwangalii mzee peke yake, na kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa wakati wa zoezi, huendi ofisini ukajaza fomu siku unayotaka. Kwa kuwa yuko ndani ya kaya ya kaka, wataipima kaya nzima. Mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nayo ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wazee hawamo.

Jambo moja la haraka: kama ana akaunti benki au shamba Urambo, na akili yake bado iko sawa, mwiteni wakili aandike hati ya uwakilishi sasa. Mkono wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo aweke dole gumba la kushoto mbele ya wakili, na hati iseme hivyo. Kiharusi cha pili kikija hataweza, na kutoa pesa kwa namba yake ya siri bila hati ndiyo ugomvi wa ndugu wanne unapoanzia.