Mjadala: Je, familia Pettalidae ni ushahidi kwamba Nyuzilandi haikuzama yote?

Mleta mada: Pettalidae ni araknida (kundi la buibui na nge) wa oda Opiliones, wenye urefu wa milimita chache tu, wanaoishi chini ya majani makavu katika misitu yenye unyevu. Zamani walihesabiwa katika familia Sironidae, hadi mwanazoolojia William Shear alipowaundia familia yao mwaka 1980. Kinachozua ubishi ni ramani ya jenasi zao: Pettalus hupatikana Sri Lanka, Purcellia na Parapurcellia Afrika Kusini, Manangotria Madagaska, Karripurcellia na Austropurcellia Australia, Chileogovea Chile, na Rakaia, Aoraki na Neopurcellia Nyuzilandi. Nchi hizo zote ni mabaki ya bara kuu la Gondwana.

Wapo wanasayansi wanaoshikilia kwamba Nyuzilandi, iliyojitenga na Gondwana miaka milioni 80 hivi iliyopita, ilifunikwa yote na bahari takriban miaka milioni 25 hadi 22 iliyopita. Ikiwa ndivyo, hawa wadudu (si wadudu hasa, lakini tuelewane) waliingia huko baadaye kwa kuvuka maji. Mimi nalikataa dai hilo. Uchambuzi wa DNA hauziweki jenasi tatu za Nyuzilandi katika tawi moja linalojitegemea la mti wa ukoo wao, kwa hiyo safari moja ya bahati haitoshi. Zingehitajika safari kadhaa, za wanyama ambao hunyauka haraka wakikosa unyevu na ambao spishi zao nyingi hazijulikani nje ya eneo dogo.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, nakubali ramani yako, ila sikubali uzito unaoubebesha. Familia hii haina kisukuku hata kimoja kinachojulikana, na anayepima umri wa matawi yake kwa tarehe za kugawanyika kwa Gondwana anakuwa ameliweka jibu ndani ya swali. Tena usiseme kwamba bahari haivukiki kwao: jamaa zao wa familia Stylocellidae, wenye asili ya Asia ya kusini-mashariki, wamefika Nyugini, na hakukuwa na njia kamili ya nchi kavu ya kuwafikisha huko. Zaidi ya hayo, uhusiano kati ya jenasi za Pettalidae haujatulia, kwa kuwa matawi ya chini ya mti wao wa ukoo ni mafupi mno, hivyo ni vigumu kujua lipi lilitangulia. Hesabu yako ya safari kadhaa imejengwa juu ya sehemu dhaifu kuliko zote.

Mleta mada: Hoja ya mzunguko ni ya haki, ndiyo maana umri unapaswa kupimwa kwa visukuku vya oda nzima, kama Eophalangium wa Rhynie, Uskoti, mwenye miaka milioni 410 hivi, wala si kwa mipasuko ya mabara. Kuhusu Stylocellidae, mfano wako una nguvu, lakini wao walipita katika eneo lililojaa visiwa vilivyokaribiana, ilhali bahari ya Tasman, iliyo kati ya Australia na Nyuzilandi, ina upana unaokaribia kilomita 2,000. Sihitaji Nyuzilandi yote iwe imebaki juu ya maji. Visiwa vichache vyenye msitu vingewatosha viumbe wa ukubwa huu. Anayetetea kuzama kwa nchi nzima atuonyeshe kwamba mgawanyiko wa spishi ndani ya Rakaia wote ulianza baada ya nchi kuibuka tena. Akiweza, nitaiacha hoja yangu.