Nitarithije sala ya bibi bila kuigeuza kuwa sifa yangu?

Swali – Mwanajumuiya, Kalenga, Iringa
Tumsifu Yesu Kristo. Bibi aliyetulea ametangulia mbele ya haki, na wazee wa ukoo wamenikabidhi rozari yake pamoja na zamu yake ya kuongoza sala katika jumuiya. Kila Kwaresima alifunga bila kutangaza, na giza la alfajiri likiwa bado halijaondoka alimpelekea jirani mjane debe la mahindi. Kwetu sadaka ya kila kaya husomwa kwa sauti, na tayari nasifiwa kwamba nimefuata nyayo zake. Nahofia nitarithi jina lake tu. Nifanyeje?

Jibu – Katekista, Mbeya
Milele amina, na pole kwa msiba. Soma 2 Wafalme 2. Elisha alipoomba sehemu maradufu ya roho ya Eliya, wengi hudhani alitaka kumzidi mwalimu wake, ilhali kwa Kumbukumbu la Torati 21:17 hilo ni fungu la mzaliwa wa kwanza. Aliomba kuhesabiwa mwana. Vazi la Eliya lililoanguka alipochukuliwa mbinguni aliliokota, lakini alipofika ukingoni mwa Yordani alimtafuta Bwana, Mungu wa Eliya. Nawe isali hiyo rozari, usiitundike ukutani.

Kuhusu kufunga, Kanisa Katoliki linatudai Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi 59, kwa mlo mmoja kamili. Mfungo mwingine ni hiari yako, kwa hiyo nawa uso, jipake mafuta kama Mathayo 6:17 inavyosema, uende shambani kama kawaida. Huku Nyanda za Juu Kusini Kwaresima huangukia masika, vihenge vimepungua na mahindi mapya bado, na jirani anakula mara moja kwa kukosa. Pima unga wa mlo ulioacha, umpelekee siku hiyohiyo, kwa maana ukibaki jikoni kwako umebana matumizi tu.

Jibu – Mama, Mufindi
Mwanangu, usisubiri kupata chumba cha faragha katika nyumba yenye watoto wengi. Mimi husali jikoni kabla kuni hazijashika moto, na hakuna anayejua.

Jibu – Mwekahazina wa jumuiya, Njombe
Fedha za watu zinahitaji hesabu iliyo wazi, na Mathayo 5:16 inaagiza nuru yetu iangaze ili Baba atukuzwe, hivyo nisingependa tuache kusoma sadaka kabisa. Sisi tunasoma jumla, majina yanabaki daftarini, na yeyote anayetaka kuhakiki fungu lake anafunguliwa ukurasa wake. Kaya zilizokuwa zikikwepa ibada kwa aibu ya kutajwa na kiasi kidogo zimerudi, jambo lililonifurahisha sana. Mpelekee mwenyekiti wenu pendekezo hili kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa sababu Njia ya Msalaba zikishaanza hakuna atakayepata nafasi ya kulijadili.