Semina ya ustawi asubuhi baada ya kukesha wodini: wanafunzi wa udaktari tunadhihakiwa

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Chuo chetu, hapa Dar es Salaam, kilitangaza kwamba semina ya "ustawi wa mwanafunzi" ni ya lazima, kisha kikaipanga Jumamosi saa mbili asubuhi, wakati sisi wa mwaka wa nne tuliokuwa zamu ya usiku hatujamaliza hata kukabidhi wagonjwa. Tulikwenda hivyo hivyo, nguo zikinuka dawa ya vidonda, kumsikiliza mtoa mada akitueleza kwamba tatizo letu ni kutojua kupanga muda.

Muda upi huo? Raundi, yaani madaktari kupitia wagonjwa wodini, huanza saa moja na nusu, na kabla yake mwanafunzi anatakiwa awe ameshawaona wagonjwa wake, amefuatilia majibu ya maabara na kuandika maendeleo yao, kwa hiyo anayeishi mbali hugombania daladala kabla hakujapambazuka. Mchana ni kliniki au chumba cha upasuaji, jioni ni vipindi, na zamu ya usiku ikimwangukia hapati mapumziko kesho yake, kwa kuwa asiyesaini daftari la mahudhurio huzuiwa kufanya mtihani. Mwenzetu mmoja alisinzia amesimama, mikono ikiwa imeshika chombo cha kupanulia jeraha katikati ya upasuaji. Daktari bingwa alimuuliza, mbele ya wauguzi, kama amepotea njia ya hosteli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, lakini mwanafunzi si mwajiriwa, hivyo anaweza kutoa wagonjwa damu, kusukuma machela na kukimbiza sampuli maabara usiku kucha bila sheria hiyo kumhusu. (Kusukuma machela, kwa taarifa yenu, hakumo katika mtaala wowote niliopewa.)

Tukahubiriwa pia kuhusu lishe. Kantini hufungwa mapema, na kinachobaki usiku ni chipsi mayai za kibanda cha nje ya geti na vinywaji vya kuongeza nguvu. Bumu, kwa aliyebahatika kupata mkopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, na humo humo mna chumba na chakula. Asubuhi tunamshauri mgonjwa wa kisukari ale mboga kwa wingi, apunguze chumvi na afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, ilhali sisi wenyewe mazoezi yetu ni ngazi za wodini.

La afya ya akili ndilo linaloniudhi zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la Marekani, JAMA, ukikusanya tafiti za nchi 43, ulikuta takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na kati ya waliobainika kuwa nazo ni kama asilimia 16 tu waliotafuta tiba. Kwetu sababu haihitaji utafiti: mshauri nasaha tuliyepangiwa ni mhadhiri anayetutahini. Nani atakwenda kumweleza Jumatatu kwamba hapati usingizi na analia chooni, kisha Alhamisi amkute upande wa pili wa meza ya mtihani wa mdomo?

Najua watakuja wakubwa zetu kusema kwamba nao walipitia hayo na wakawa madaktari. Marekani nako walisema hivyo, hadi kifo cha binti Libby Zion, mgonjwa aliyehudumiwa na madaktari walio mafunzoni wenye zamu ndefu katika hospitali moja ya New York mwaka 1984, kilipozua mjadala ambao hatimaye, mwaka 2003, ulizaa ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni, na hata hizo 80 bado ni nyingi mno.

Uongozi uanze na lisilogharimu hata senti: aliyekesha aruhusiwe kwenda kulala asubuhi, na ruhusa hiyo ihesabiwe kuwa mahudhurio. Mshauri nasaha naye atoke nje ya idara zinazotutahini. Mlio vyuo vingine vya afya, wekeni hapa ratiba zenu za zamu, bila kutaja hospitali, ili wanaotuita wavivu wazisome.