Namba za karatasi na safu katika michoro ya umeme: nizipange vipi kabla ya kuchora?

Fundi wa Njiro, Arusha
Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninachora paneli ya pampu za umwagiliaji, na karatasi zangu nilizipa namba 1 hadi 9 kwa mfululizo. Mteja alipoongeza pampu ya tatu, niliingiza karatasi mpya katikati, namba zote zilizofuata zikasogea, na kwa kuwa kila kontakta (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ilibeba namba ya karatasi yake, vibandiko nilivyokwisha kuvisha kwenye nyaya havikulingana tena na mchoro. Ninyi mnaanzaje?

Mchoraji, Moshi
Pole sana, kaka. Acha nafasi tangu mwanzo. Mimi huweka jalada na orodha katika karatasi 1 hadi 9, nguvu ya 400 V katika 10 hadi 19, ugavi wa 24 V katika 20 hadi 29, na udhibiti kuanzia 30. Pampu ya kwanza huwa karatasi 11 na udhibiti wake 31, ya pili 12 na 32, kiasi kwamba tarakimu ya mwisho inamwonyesha fundi ni pampu ipi.

Upana wa karatasi ya A3 ugawe katika safu 10, kuanzia 0 hadi 9. Koili ya kontakta iliyo karatasi 31, safu ya 4, inaitwa 31K4 (K ikiwa herufi ya kontakta), na kontakti zake, yaani ncha zinazofunga na kufungua mkondo, hubaki na jina hilo hata zikichorwa kwenye karatasi 11. Chini ya koili andika 11.3, yaani karatasi 11, safu ya 3, zilipo kontakti hizo, ili anayetafuta hitilafu usiku asilazimike kupekua kitabu kizima. Chora koili moja tu kwa kila safu, la sivyo majina yatagongana.

Mkufunzi wa umeme, Arusha
Nakubaliana kuhusu nafasi, lakini kwenye mitambo mikubwa nisingefunga jina la kifaa na karatasi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 81346 hukitambulisha kifaa kwa kazi yake (=), mahali kilipo (+) na kifaa chenyewe (-), hivyo namba ya karatasi inabaki kuwa anwani tu. Programu za kuchorea michoro ya umeme kama EPLAN husahihisha marejeo yenyewe. Kibandiko kilichokwisha kuvishwa hakijisahihishi.

Fundi wa Njiro, Arusha
Asante, mwalimu, nawe kaka wa Moshi. Kwa paneli hii ndogo nitafuata mpango wa Moshi, na karatasi 14 na 34 nitaziacha wazi, maana mteja ameshaanza kuitaja pampu ya nne.