Naomba ushauri: mchezaji wa besiboli kutoka ligi ya Korea anapimwaje?

Wakuu, habari za jioni. Naishi California na ni shabiki wa timu ya besiboli ya San Francisco Giants. Mashabiki wenzangu tunabishana kila siku kuhusu kusajili wachezaji wa uwanja wa nje (wale wanaodaka mipira inayopigwa mbali) kutoka Korea Kusini, na mfano wetu ni huyu huyu Jung Hoo Lee. Desemba 2023 tulimpa mkataba wa miaka 6, dola milioni 113, hapo bado ada tuliyoilipa klabu yake ya Korea, Kiwoom Heroes. Mei 2024 akajibamiza ukutani akifukuzia mpira, bega likateguka, msimu wake ukaishia hapo.

Wenzangu wanasema hela nyingi mno. Mimi namkubali kwa jicho lake: mwaka 2022 kule Korea alitolewa kwa straiki tatu (yaani kushindwa kuupiga mpira vizuri mara tatu) mara 32 tu, msimu mzima! Ninachohofia ni kasi, maana warushaji wa Marekani wanarusha kwa nguvu zaidi.

Mnaofuatilia KBO, hiyo ligi ya Korea, nitazame nini kwanza: umri, utulivu wa mpigaji, au anavyoikabili mipira ya kasi? Na tukimtaka mwingine, mkataba wa miaka mingapi ni salama? Nitashukuru sana.