Kuzipa samani za chuma sura ya ukale: kutu halisi au rangi?

MpendaVyaKale:

Habari zenu, wanajukwaa.

Ninayo meza ya duara na viti viwili vya chuma vya bustanini, ambavyo vimepakwa rangi nyeupe inayong'aa, tabaka juu ya tabaka, hadi maua na majani yaliyopamba migongo ya viti yamepoteza makali yake. Umbo lake ni la zamani na linapendeza, lakini weupe huo unavifanya vionekane kama plastiki. Ningependa viwe na sura ya samani zilizokaa nje miaka mingi: rangi iliyofifia, chuma kikichungulia kwenye kingo, na wekundu kidogo wa kutu penye viungo. Maelekezo niliyoyasoma yanapingana. Wapo wanaoshauri nitoe rangi yote na kukishikisha chuma kutu halisi kwa siki na chumvi, na wapo wanaosema kwamba kazi yote ifanywe kwa rangi na nta. Njia ipi inafaa zaidi, na nitaizuiaje kutu isiendelee kula chuma au kuchafua nguo za wanaokaa?

FundiMsasa:

Ndugu, kabla ya kuchagua njia, tambua kwanza una madini gani, kwa sababu si kila kinachoitwa chuma ni chuma. Pitisha sumaku kwenye kila sehemu. Ikinasa, ndani mna chuma. Isiponasa, huenda ni alumini au shaba, na hapo kutu nyekundu haitapatikana kwa siki wala kwa dua. Kisha kwangua kidogo mahali palipofichika, chini ya kiti kwa mfano, uone rangi ya madini yenyewe.

Jambo la pili ni hiyo rangi ya zamani. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifanya hivyo kwa nyakati tofauti, kwa hiyo kitu chenye matabaka mengi ya rangi kuukuu kichukuliwe kuwa na risasi hadi kipimo kithibitishe vinginevyo. Usikipige msasa mkavu wala usikichome kwa moto, maana vumbi na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia dawa ya kutolea rangi, ukwangue ikiwa bado imelowa, ukiwa umevaa glovu na barakoa inayozuia vumbi laini.

Mimi ni mtu wa rangi, na kwa viti vya kukalia nitakushauri rangi. Baada ya kusafisha, paka praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu, kisha tabaka la kahawia iliyokoza isiyong'aa. Likikauka kabisa, chukua kipande cha mshumaa ukisugue mahali ambapo mikono, viatu na maji vingepachakaza kwa miaka: ncha za mikono ya kiti, ukingo wa mbele wa kikalio, sehemu ya chini ya miguu, na migongo ya yale majani yanayotokeza. Juu yake paka rangi unayotaka ionekane, nyepesi na iliyopauka. Nayo ikikauka, pitisha msasa laini, namba 220 hivi. Penye nta rangi itabanduka kwa vipande visivyolingana, kahawia itokeze, na penye mashimo ya mapambo rangi itabaki nzima. Hapo ndipo kazi ya wengi inapoharibika: wanasugua kila mahali sawasawa, na kiti kinaonekana kimepigwa msasa, hakionekani kimezeeka. Kabla ya kukisugua, keti juu yake uone mikono yako inaangukia wapi.

Malizia kwa kufuta masalia ya nta kwa tambara lenye tapentaini, kisha paka vanishi isiyong'aa ya nje. Usipoifuta nta, vanishi haitashika.

MhunziWaMtaani:

FundiMsasa ameeleza vizuri, ila rangi, hata ikipakwa kwa ustadi, haiigi ule ukwaruzi wa kutu halisi unaousikia kwa kidole. Kama sumaku inanasa na chuma kiko wazi kabisa, bila rangi na bila mafuta, kukishikisha kutu si kazi ngumu. Kioshe kwa sabuni, kisuuze, kikauke, na baada ya hapo usikiguse kwa mikono mitupu, kwa sababu alama za vidole huacha mafuta na kutu hukwepa mahali hapo.

Nyunyizia siki tupu kwanza, uiache ikauke. Kisha changanya nusu lita ya peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, ile inayouzwa kwa kusafishia vidonda, na mililita 60 hivi za siki pamoja na nusu kijiko cha chakula cha chumvi. Ukiinyunyiza utaona povu dogo likichemka juu ya chuma, na ndani ya dakika chache rangi ya chungwa inaanza kutanda. Rudia kila tabaka linapokauka, hasa juani, hadi uridhike. Ukitaka mabaka, nyunyiza kwa matone; ukitaka michirizi, simamisha kiti wima uache maji yatiririke.

Hadhari ni hizi: fanyia kazi nje, vaa miwani ya kinga, changanya kiasi cha kutumia siku hiyo tu, na usiufungie mchanganyiko huo ndani ya chupa, kwa kuwa unatoa gesi inayoweza kuipasua. Tena usithubutu kutia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo mahali penye siki, kwani hutoa gesi ya sumu.

Baada ya hapo suuza chumvi yote kwa maji mengi, kausha vizuri, pangusa unga uliolegea kwa brashi ngumu, kisha ziba kwa vanishi isiyong'aa. Usiishie kwenye kushikisha kutu, ukadhani kwamba ukale huo utajilinda. Shaba ndiyo hujilinda. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba yenyewe, ikageuka kijani, na ukijani huo sasa ndio ngao ya mabamba yake ya shaba ambayo unene wake ni milimita 2.4 tu. Kutu ya chuma cha kawaida huvimba, hupasuka na kubanduka, ikawa inaruhusu maji na hewa vifike kwenye chuma kipya, na chumvi ikibaki huharakisha mambo.

Mama_Bustani:

Naomba nitofautiane kidogo na Mhunzi kuhusu vikalio. Vanishi inayokaliwa na kusuguliwa kila siku hukwaruzika, na pakikwaruzika juu ya kutu halisi, mvua ya kwanza itatoa maji ya kahawia yatakayoingia kwenye nguo, nayo madoa hayo ni sugu. Kutu halisi niiweke kwenye fremu ya meza na miguu. Kikalio na mikono ya kiti vipakwe rangi. Na anayependa kupaka mafuta ya kitani badala ya vanishi asiyaviringe matambara aliyotumia na kuyatupa kwenye kapu, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kushika moto lenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

MpendaVyaKale:

Nawashukuru. Sumaku imenasa kwenye fremu zote na vikalio, lakini haikunasa kwenye maua ya migongoni. Jambo lililonishangaza ni kwamba miguu ya meza, palipobanduka rangi, ina rangi ya kijivu yenye mabaka mithili ya theluji, na haina kutu hata kidogo ingawa imenyeshewa muda mrefu.

FundiMsasa:

Miguu hiyo imechovywa zinki, na maua ni alumini bila shaka, kwani hutiwa kwenye kalibu kwa urahisi. Mapishi ya Mhunzi yatafaa sehemu za chuma tupu pekee. Kwenye zinki usiyajaribu: ukiiondoa ili upate kutu, unaondoa kinga nzuri kuliko yoyote utakayoipaka baadaye. Vilevile usiipake rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa maana humenyuka na zinki, ikafanya kitu kama sabuni chini ya rangi, na rangi yote ikabanduka kama ganda. Ioshe kwa siki iliyozimuliwa, isuuze, ikauke, kisha upake praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati, yaani ya chuma kilichochovywa zinki.

Kutu ya kuchora itaunganisha vipande vyote vitatu. Juu ya kahawia iliyokoza, gonga kwa sifongo kavu rangi ya udongo mwekundu, halafu tone chache za chungwa, ukianzia kwenye vichwa vya skrubu na mishono ya kuchomelea na kushuka kufuata njia ya maji, kwani kutu haipandi juu. Punguza chungwa kadiri unavyoteremka. Kwenye maua, acha ile rangi nyeupe uliyoipata, kama kipimo kimeonyesha haina risasi, ukwangue tu yale matabaka yaliyoziba mishipa ya majani.