Gemu za kurusha mikono wageni wakija: 1-2-Switch, Switch Sports au Wii ya zamani?

kinanda_kibovu
Wakuu habari za humu. Nina Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, muda mwingi naichezea peke yangu, ila siku hizi kwangu ndo pamekuwa kituo cha mkusanyiko, kila wikiendi ndugu, mashemeji na watoto wao, na wengi wao hawajawahi kushika padi maishani. Nataka gemu moja ambayo mtu anapewa padi, anaambiwa rusha mkono, basi, kaelewa. Kichwani nimebaki na tatu: 1-2-Switch, Nintendo Switch Sports, au niachane na zote nitafute Wii iliyotumika, mashine yao ya zamani, niweke Wii Sports. Just Dance naijua ila mzee wangu hawezi kukata mauno mbele ya wakwe. Naombeni ushauri, na msinitajie gemu ya vitufe kumi.

mama_wawili
1-2-Switch ninayo, ngoja nikueleze. Ilitoka siku moja na Switch yenyewe, Machi 2017, ina vigemu 28, na ujanja wake wote ni kwamba hamuangalii TV, mnaangaliana nyie kwa nyie. Ule wa bunduki, Quick Draw, mnasimama uso kwa uso, padi imeelekea chini usawa wa nyonga, mnasubiri sauti, ikiita tu wa kwanza kuinua na kufyatua ndo mshindi. Mara ya kwanza nilicheza na shemeji yangu mmoja hivi, mtu mkimya kweli, ni salamu tu na kurudi kwenye simu yake. Tukakaa tunatazamana, sauti haiji, nikaona kona ya mdomo wake inaanza kutetemeka, na mimi nikaanza, sauti ilipokuja wote tumeshika mbavu hakuna aliyefyatua. Tangu siku ile tunaongea.

Halafu kuna Ball Count, unaiweka Joy-Con, ile padi ndogo ya Switch, mkononi unaiinamisha taratibu, unasikia vigololi vinabingirika na kugongana mle ndani na inabidi uhesabu viko vingapi. Hakuna kitu, ni mtetemo tu, ila mwanangu wa pili alitaka kuifungua na bisibisi athibitishe.

Sasa ubaya wake. Ukishaijua siri imeisha. Wiki ya pili niliiwasha mwenyewe, ya tatu hakuna aliyeiulizia, na vigemu vingi mnacheza wawili wawili, kwa hiyo wengine nane wamekaa wanasubiri.

padi_nne
Dada kasema ukweli. Ndo maana ilipotoka watu wengi walilalamika kwamba kitu kama kile kingewekwa bure ndani ya boksi la Switch, siyo kuuzwa pembeni. Ni maonyesho ya padi zaidi kuliko gemu.

Mkuu chukua Switch Sports. Ya Aprili 2022, ilianza na michezo 6: tenisi, badminton, bowling, voliboli, soka na chambara ile ya mapanga, gofu wakaiongeza mwishoni mwa 2022 na basketi 2024. Usidanganyike na idadi lakini, wageni wako watacheza bowling. Nakwambia watacheza bowling mpaka usiku, voliboli watajaribu mara mbili waseme inachosha kuelewa, warudi bowling. Badminton ni tamu sana ila ni watu wawili tu. Soka ina kamba ya kufunga padi pajani upige teke, inachekesha kama dakika kumi hivi.

Angalia pia padi. Kwenye michezo mingi kila mchezaji anashika Joy-Con moja, kwa hiyo zile mbili za Switch zinatosha watu wawili, wanne mnahitaji seti nyingine, na Pro Controller, ile padi kubwa ya kawaida, haikubali kabisa. Hilo watu wanaligundua wageni wakiwa wameshafika.

mzee_wa_rimoti
Vijana mnapita juu juu. Wii Sports ya 2006 ndo baba wa haya mambo yote, nje ya Japani na Korea Kusini walikuwa wanaiweka ndani ya boksi la Wii, na zimetoka nakala zaidi ya milioni 80. Michezo mitano, hakuna kufungua kitu wala kuchagua nguo za mchezaji, unawasha unapiga. Mama yangu mzazi, ambaye rimoti ya TV inamshinda, aliangusha pini zote kwenye mrusho wake wa tatu na hakuna aliyemfundisha, maana mkono wake tayari ulikuwa unajua kurusha. Hiyo ndo raha yenyewe, mjuzi na asiyejua wanaanza karibu sawa.

Ila kamba ya mkononi VAA. Binamu yangu alisema yeye siyo mtoto, akaenda na smash ya tenisi, rimoti ikaenda nayo, taa ya dari kwaheri. Na siyo yeye peke yake, Desemba 2006 Nintendo wenyewe walitoa kamba nene za kubadilisha, kama milioni 3.2, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa nyembamba na watu wanarusha kama wana ugomvi.

padi_nne
Mzee heshima yako, lakini tenisi ya Wii inachezwa umelala kwenye sofa unatingisha kifundo cha mkono tu 😂 mchezaji anakimbia mwenyewe, we kazi yako ni kujua lini upige. Nilicheza na mdogo wangu, mimi nazunguka na jasho, yeye mkono mmoja kwenye rimoti mwingine kwenye bakuli, kanifunga seti zote.

waya_mbili
Hapo nifafanue kidogo maana watu wanasema gemu inadanganya. Rimoti ya kwanza ya Wii kwa upande wa mwendo ilikuwa na kihisi cha mchapuko tu, yaani inajua umeitingisha na kwa nguvu kiasi gani, ila namna mkono ulivyozunguka inabahatisha. Gairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, ilikuja 2009 na kile kipande cha MotionPlus, pamoja na Wii Sports Resort. Joy-Con zina vyote viwili tangu mwanzo, ndo maana bowling ya Switch Sports inaona ukipindisha kiganja mpira ukakata kona. Ila hata hiyo tenisi yake ukitingisha kifundo inakubali, walioitengeneza wanajua mtu akichoka lazima acheze, wangeibana sana bibi na watoto wangekaa pembeni.

Na kile kijiti cha Wii cha juu ya TV hakihisi chochote, ni taa za infraredi tu, kamera iko kwenye rimoti. Mishumaa miwili inafanya kazi ileile, nimejaribu.

Kitu kingine ni TV. Weka hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha, bila hiyo unarusha mkono na mpira unaitikia kwa kuchelewa, kila mtu anasema padi mbovu kumbe ni TV inapamba picha. Wii ndo utaumia zaidi, haina HDMI, picha yake mwisho 480p, kwenye skrini kubwa ya leo ni ukungu.

sina_padi
Vipi Kinect jamani, ile kamera ya Xbox? Ile huna haja ya padi wala kamba.

waya_mbili
Nzuri kwa watoto, ila inataka nafasi, kama mita 1.8 mtu mmoja na 2.4 mkiwa wawili, halafu mtu akipita mbele kwenda jikoni inachanganyikiwa. Microsoft waliacha kuitengeneza 2017.

kinanda_kibovu
Asanteni sana wakuu. Nimepima sebule, nikisogeza meza napata mita mbili na ushee, Kinect imejitoa yenyewe. Naenda na Switch Sports na seti ya pili ya Joy-Con. Ila hiyo ya kutazamana imenikaa kichwani, kuna wakwe zangu wawili hawasemeshani tangu mwaka jana...

mama_wawili
Yangu imekaa tu kwenye droo, nakuazima. Ila hao wawili usiwaanzishe na ya bunduki, waanzishe na Milk, ya kukamua ng'ombe. Wanatakiwa watazamane machoni huku wanakamua, hakuna mtu aliyewahi kununa akikamua ng'ombe.

mzee_wa_rimoti
Na taa ya dari?

kinanda_kibovu
Iko chini sana mzee. Naitoa Ijumaa.